Shingo ya Bi Sanura

Tangu wagombanie kinu cha marehemu mama mkwe, Bi Sanura hakumsalimu tena wifi yake, Mwanaidi. Kila wakikutana alisingizia: shingo inauma, haigeuki! Ilimuuma kweli, na kisingizio kikamnogea. Mwanaidi akamhurumia, akamleta hospitali, na sasa ameketi kushoto kwake, kampakatia mkoba.

"Nimeutia ganzi mshipa mmoja wa fahamu," daktari alisema. "Geuka kushoto, mama. Usipoumia, tumempata mbaya wetu. Ukiumia, nitachoma mwingine."

Bi Sanura akageuka kidogo. Shingo laini kama ya bata.

"Inauma," akasema upesi.

Daktari akainua sindano ya pili.

"Wifi!" Kidevu cha Bi Sanura kiligusa bega. "Umeamkaje, wifi yangu?"

Mwanaidi alitazama ukutani, akaanza kujisugua shingo taratibu.