Mwanamke Mwenye Ungo

Picha isiyoombwa na mtu mwaka mzima inafutwa, ndiyo sheria. Kila mtu anaomba kuona moja tu kwa mwaka, na sisi wa ghala la makumbusho haturuhusiwi kuomba. Kazi yetu ni kuzitoa, kuzirudisha na kuzifuta.

Binti yangu, marehemu Mwanakombo, yumo humo ghalani, kachorwa akipeta mchele. Sura yake nyingine haipo popote. Kila mwaka mwanawe Chausiku, niliyemlea mimi, ndiye aliyekuwa akimwomba.

Juzi, mwaka unakwisha, nikamuuliza, “Mke mwenzangu, umeshaomba?”

“Nimeomba ile ya farasi mwenye mabawa, Bibi. Darasa zima tumeomba hiyo.”

“Na mama yako?”

“Yule mwenye ungo? Bibi nawe! Kila mwaka yeye tu, wala hainui uso kunitazama.”

Akacheka. Sikumgombeza. Mama yake alimwacha bado ananyonya, atamkumbuka kwa lipi?

Leo nimemfuta kwa mkono wangu. Nilianza na ungo, nikaenda taratibu, uso nikauacha mwisho.

Niliporudi nyumbani Chausiku alinipokea mkoba. “Bibi, mikono inanuka dawa!”

“Nilikuwa nafanya usafi, mke mwenzangu.”

Nikachukua ungo, nikakaa kupeta mchele wa usiku, wala sikuinua uso.