Bangili Inasema Ni Hedhi

Siku hizi nesi hakuulizi unaumwa nini, anasoma bangili ya kupima afya uliyovalishwa mkononi. Nimezunguka miji mingi na upuuzi huu nimeukuta kote. Bangili inajua kwamba damu ya mwanamke ni hedhi, basi. Damu ikitoka katikati ya mwezi, bangili inafuta tarehe na kuanza kuhesabu mwezi mpya.

Mwajabu, binti wa kaka yangu, anatokwa damu hivyo mwaka wa tatu sasa. Nikampeleka zahanati.

"Nesi, huyu katoka damu mara tatu mwezi huu. Huenda ni uvimbe, huenda ni sindano ya uzazi wa mpango, huenda mlango wa kizazi una kidonda. Mwangalie basi."

"Bibi, hapa naona hedhi tatu, zote kwa wakati wake."

"Ndani ya mwezi mmoja?"

"Ndani ya miezi yake yeye."

Mwajabu akanivuta kanga. "Shangazi, twende. Unatuaibisha."

Nyumbani akaloweka shuka lake kwenye beseni. Bangili ikalia, akaisoma, akaninyooshea mkono nisome mwenyewe. Ilikuwa inampongeza. Kwa hesabu ya bangili, amemaliza hedhi zake zote za maisha, kwa hiyo jina lake limeondolewa kwenye orodha ya vipimo vya kizazi.

Ana miaka thelathini na nne. Maji ya beseni yalikuwa mekundu.