Leta Kidogo Kidogo

"Nani alimfundisha huyu mama kuleta pesa kidogo kidogo?" meneja aliuliza, akigeuza kompyuta ili Sitati aone.

Wiki nzima, kila asubuhi, akaunti ileile. Kila mara pesa ilikuwa chini kidogo tu ya kiwango ambacho kikifikiwa benki lazima iulize pesa imetoka wapi.

"Hii naripoti leo. Akaunti itafungwa mpaka wachunguze. Na yeye mwenyewe haruhusiwi kuambiwa."

Sitati aliikumbuka ile siku ya kwanza. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mama huyo, mathe kutoka Kabazi, alikuwa amesimama mbele ya kaunta yake na kiondo cha pesa. Alikuwa ameuza shamba ili binti yake afanyiwe upasuaji. Sitati alikuwa na njaa, na zile fomu za kueleza pesa nyingi imetoka wapi ni ndefu.

"Leta kidogo kidogo, mathe," alimwambia. "Hakuna mtu atakusumbua."

Kesho yake mathe alimletea pesa, pamoja na avokado mbili. "Ni zako, kijana wangu. Umenisaidia."

Moja ilikuwa bado mfukoni mwa koti lake. Sasa ilikuwa imeiva.

"Sitati, nakuuliza. Kuna mtu hapa ndani alimshauri?"

Mfukoni, kidole gumba cha Sitati kilitoboa ganda la avokado, kikazama.

"Hapana, boss. Labda ni ujanja wake tu."

Meneja akayaandika hayo maneno.

Nje ya kioo, mathe alikuwa kwenye foleni. Alimwona Sitati, akatabasamu, akainua bahasha ya leo.