Neno Lililobaki

"Heshima," mzee alisema. Mkewe akaondoa kiganja kifuani mwa mumewe, akaenda kufungua dirisha.

Mtabibu wa usemi aliandika. Ilikuwa ziara yake ya tatu, na kama zile mbili, alikuwa amebisha hodi hata akachoka, akaingia mwenyewe.

"Heshima," mzee akasema tena. Mkewe, aliyekwisha kurudi kitandani na kurudisha kiganja mahali pake, akamnywesha maji.

Kiharusi kilimwachia neno hilo tu. Miaka thelathini alikuwa msimamizi wa bweni, na ndilo alilowafokea wavulana asubuhi na jioni. Sasa lilikuwa maji, dirisha, mto, acha, unaniumiza.

"Ni sauti inayobadilika," mkewe alieleza. "Ya maji ni nzito, inatoka chini. Ya dirisha ina mtetemo. Zamani alikuwa na maneno elfu, kutwa tunagombana. Sasa analo moja, tunaelewana."

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mtabibu aliinamia fomu yake. "Mama, usiku analala vizuri?"

Kimya. Akauliza tena. Alipoinua uso, mama alikuwa akimsubiri.

"Mwanangu, ukiongea na mtu, mtazame. Hiyo nayo ni heshima."

Mtabibu aliona haya, akaomba radhi. Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga. Akaenda kupunguza moto mwenyewe. Mama wa watu amechoka, alifikiri.

Aliporudi alimweleza, safari hii akimtazama. Ofisi yake haikuamini kwamba mgonjwa anaeleweka. Ikithibitika, atabaki nyumbani. Isipothibitika, Jumatatu gari litamchukua hadi kituo cha wagonjwa, mwendo wa siku nzima, na huko ndugu hawaruhusiwi kulala. Kulikuwa na rekodi kumi za sauti ya mzee, zilizochukuliwa humu humu chumbani wiki iliyopita. Mama angezisikiliza katika chumba kingine na kusema kila moja ina maana gani, ili mzee asije akamsaidia kwa macho. Akipata nane, inatosha.

"Nane?" mama alisema. "Nitakupa kumi."

Alimfunika mzee shuka. Mzee akamshika pindo la mkono wa gauni, hakutaka kuliachia.

"Heshima."

"Najua. Sikawii," mkewe alimwambia, akavitoa vidole vyake kimoja kimoja.

Walikaa jikoni, mlango umefungwa. Mtabibu aliweka simu mezani, akapandisha sauti hadi mwisho. Alitaka mama afaulu. Hilo hakuliandika popote.

Akabonyeza.

Sauti ya mzee ikajaa jikoni, nzito, kutoka chini. Hata mtabibu aliitambua: maji.

Mama alikuwa amekunja mikono mapajani, macho kwenye simu, anatabasamu kidogo kama mwanafunzi aliyesoma vizuri. Rekodi ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaingia, ile ya dirisha. Ikaisha.

Chumbani, mzee aliisikia sauti yake mwenyewe kupitia ukuta. Akaanza kuita, kwa nguvu zake zote, neno lile lile, tena na tena.

Mama aliinua uso kwa upole.

"Washa basi, mwanangu," alisema. "Mimi niko tayari."