Nusu ya Shuka

Gari lilikuwa limeshatoka kwa lango la jikoni la ikulu, nyuma ya gari la askari, mapazia yameshushwa. Rais amejikunja kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano.

"Inuka, mzee wangu. Hawakuoni."

"Lakini nawasikia."

Mji mzima ulikuwa barabarani kupinga vita na nchi jirani. Asubuhi aliamuru simu zote nchini zifungwe wasiitane. Wakaitana kwa kugonga masufuria.

Mbele, ubavuni mwa dereva, Jenerali alishika redio ya jeshi. "Neno moja tu, Mheshimiwa. Ndege zimeshapakia mabomu. Tuuchome mji wa adui leo, na hawa wapiga kelele kesho watakushangilia."

"Tumngoje shemeji kwanza."

Shemeji, kaka wa mkewe, alivuka mpaka juzi kwenda kuomba suluhu. Mkewe alipasua katikati shuka jeupe la kitandani mwao, nusu akaifunga kwenye gari la kaka yake iwe bendera. Rais alicheka siku ile. "Mwambie asilirudishe shuka langu bila amani."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Kaka aliahidi wakikubaliana tu atapiga simu," mkewe alisema.

"Na hajapiga," Jenerali akadakia. "Wameshammaliza huyo."

Dereva alikohoa. "Mheshimiwa, hizo simu..."

"Wewe endesha!"

Kwenye kona gari likafunga breki. Barabara imejaa watu, wanakuja mbio, kelele hadi vioo vinatetemeka. Katikati yao mtu mmoja kabebwa mabegani, vumbi limemfunika uso, anapunga kitu cheupe.

Rais alichungulia pembeni mwa pazia.

"Sanda," alinong'ona. "Wananionyesha sanda yangu." Akajikunja tena kitini. "Ndege ziende. Na hao waondoeni njiani."

Jenerali alisema neno moja redioni, kisha jingine kwa askari wa gari la mbele.

Ndege zote zilirudi salama. Mji wa jirani uliungua wiki nzima, na vita vikaingia mwaka wa tatu. Jenerali aliongezwa nyota. Dereva aliacha kazi, siku hizi anafuga kuku. Rais bado anatawala, na hulala taa zikiwaka. Mkewe halali tena chumba kile. Aliingia mara moja tu, jioni ileile, kuchukua nusu ya shuka iliyobaki amzikie kaka yake, maana ile aliyorudi akiipunga ilikuwa imetobolewatobolewa na risasi.