Kiti cha Koridoni

Siku hizi mtandao haupenyi kuta tena. Unapita mwilini mwa watu, kutoka mmoja hadi mwingine.

Nilipokuja kumtembelea binti yangu Sekela, kwenye fleti anayopanga na wenzake wawili, Fidelis na Tunu, nilijiona mzigo. Waliniamkia vizuri, lakini macho yao yaliuliza nitaondoka lini.

Jumapili moja nikaweka kiti koridoni nichambue mchicha, kati ya sebule, iliko ruta ya mtandao, na vyumba vyao. Fidelis akatoka mbio na mto wa kuniwekea mgongoni.

"Mama, kaa hapo hapo," alisema. "Tangu tuhamie, ni leo tu mtandao umefika chumbani kwangu."

Tangu siku hiyo napendwa. Tunu ananiletea chai bila kuombwa, na Sekela hataji tena basi la kurudi Tukuyu. Moyo wangu umetulia; hata mimi nina mahali pangu humu.

Jana nikainuka niende msalani. Milango yote mitatu ikafunguka.

"Mama," Sekela akasema kwa upole, "subiri kidogo tu."

Nikakaa. Tunu akaniongezea chai.