Neno la Mama Kengele

Mama Kengele aligonga ganda la kombora kwa nyundo yake ndogo, akatega sikio. Likalia safi: halina ufa. Akalipapasa mgongoni, akasema, "Nenda, usiue mtu."

Karakana nzima ikageuka kumtazama. Hata bosi, aliyekuwa akitabasamu tangu asubuhi hadi mashavu yakamuuma, alibaki mdomo wazi.

Tusimlaumu mama wa watu. Miaka yote tulitengeneza mitungi ya gesi ya kupikia, na kila mtungi uliotoka mikononi mwake aliuaga kwa maneno hayohayo. Biashara ilipodorora, tukafungiwa geti. Sasa tulikuwa tumeitwa tena: jeshi lilitaka kutupa mkataba wa maganda ya makombora ya mizinga, na afande wa ukaguzi alikuwa amesimama palepale, kalamu mkononi.

"Umeliambia nini?" aliuliza afande.

"Mazoea tu, afande," bosi alidakia. "Mama yetu huyu amezoea mitungi."

"Nimemuuliza yeye."

Mama Kengele alifuta viganja vyake vyenye grisi kwenye aproni. "Nimeliaga, mwanangu."

Afande hakucheka wala hakukunja uso. Akaonyesha ganda la pili kwa kalamu.

Mama Kengele akaligonga. Likalia vizuri kuliko la kwanza. Akalipapasa, akatutazama sisi tuliojipanga ukutani, akabana midomo, akalisukuma mbele.

Bosi akashusha pumzi.

Afande aliliinamia lile ganda. Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi.

"Na hili," akauliza, "mbona hukuliambia?"